Bawa Huliwa Likiwa Stoo

Hotuba kwa mafundi na vijana wanaojenga ndege ndogo, Mombasa

Asalamu aleikum, na habari za mchana kwenu nyote. Wazee wetu mafundi wa majahazi mliokubali kukaa nasi leo, mafundi seremala wa Mji wa Kale na Kisauni, vijana wa vyuo, na kina mama mliokuja kuona watoto wenu wanashughulika na nini: ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujenga ndege nyumbani. Najua wengi mngependa nianze na injini, au na siku ya kuruka. Mimi nitazungumzia stoo. Ndege inayojengwa na mtu mmoja au wawili, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, huchukua miaka. Mkia unakwisha, unatundikwa ukutani. Mbavu za bawa zinakwisha, zinafungwa kamba na kupandishwa juu ya kabati. Karo za watoto zinaingia, pesa zinakatika, kazi inasimama. Ukipiga hesabu ya umri wa ndege hiyo mpaka siku itakapoacha ardhi, utakuta sehemu kubwa imepita vipande vyake vikiwa vimelala gizani. Wadudu hawana msimu wa kukatikiwa na pesa. Wao wanaendelea.

Kwa hiyo nalotaka mlishike ni kwamba kuhifadhi ni kazi ya ujenzi, sawa na kupiga randa na kupaka gundi. Haifanywi ujenzi ukishakwisha. Inaanza siku kipande cha kwanza kinapotoka kwenye meza yako.

Nianze na mchwa, maana hapa pwani ndiye jirani yetu. Mnayemjua nyote ni yule wa ardhini. Huyo hujitangaza. Ngozi yake ni laini na hewa kavu humuua, kwa hiyo popote aendapo hujenga kinjia cha udongo ukutani na kupita humo ndani. Ukikiona kinjia kile unajua yuko, na unajua alikotokea. Anayenitia wasiwasi ni mwenzake, mchwa wa mbao kavu. Huyu hana haja na ardhi wala maji ya nje. Kumbikumbi wawili, dume na jike, huangusha mabawa yao, wakaingia kwenye ufa au tundu la msumari, wakaziba mlango nyuma yao. Unyevu wanaouhitaji huupata ndani ya mbao ile ile wanayoila, na hewa ya Mombasa huwasaidia. Kundi lao hukua polepole, mwaka baada ya mwaka, na hawatoki nje. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako wangeweza kuwa wanamzungumzia huyu.

Angalieni kipande hiki ninachokishika. Ni ubavu wa bawa la ndege ya mbao. Mwenyewe ameniruhusu niulete bila kumtaja. Ulikaa darini pamoja na wenzake, juu ya boriti, mahali pakavu pasipovuja. Tazameni ukingo wa juu: vanishi inang'aa, hakuna alama, hata kiungo cha gundi kimesimama vizuri. Sasa nabonyeza kwa kidole gumba. Mmeona? Kidole kimezama. Kilichobaki hapa ni ngozi ya vanishi na utando wa mbao usiozidi unene wa karatasi. Ndani ni vichochoro vitupu vilivyofuata nyuzi za mti. Nikiuinamisha juu ya karatasi hii nyeusi, sikilizeni, zinamwagika punje ndogo. Ukizitazama kwa lenzi utaona kila punje imefinywa pande sita, zote sawa. Hicho ni kinyesi chake. Hutoboa kijitundu, akakitoa nje, kisha akaziba tena.

Punje hizo ndizo barua pekee atakayokuandikia, kwa hiyo jifunzeni kuzisoma. Ukikuta unga laini badala ya punje, hiyo ni kazi ya dumuzi wa mbao, na mara nyingi hakutoka kwenye ndege bali kwenye rafu yako. Mianzi hupendwa mno na wadudu wa namna hiyo. Nimeona watu wakitupa vipande vizima kwa hofu ya unga uliodondoka kutoka kwenye fito za mianzi zilizokuwa juu yake. Tandazeni karatasi nyeusi chini ya kila kifurushi, muiangalie kila mwezi. Ni kitu rahisi kuliko vyote nitakavyovitaja leo, na ndicho ningekisisitiza kuliko vyote.

Mafundi seremala, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nyinyi ndio mtakaoitwa. Mbao ya ndege mara nyingi ni sprusi wa Sitka, mti wa pwani ya magharibi ya Kanada na Alaska. Huchaguliwa kwa sababu ni mwepesi, nyuzi zake ni ndefu na zimenyooka, na nguvu yake ni kubwa ukiipima kwa uzito wake. Ndugu wawili Wright waliruka mwaka 1903 kwa ndege iliyojengwa kwa sprusi. Lakini mti huo hauna kinga ya asili dhidi ya wadudu. Mkoko wetu unayo, mvule unayo, ila uzito wake hauruhusu. Basi tunajenga kwa mbao tamu, katika mji wenye mchwa, kwa kuwa hatuna njia nyingine.

Kabati likiliwa, mnajua tunavyofanya: tunakwangua, tunachanganya unga wa msumeno na gundi, tunajaza, tunapiga msasa, tunapaka rangi, na kabati linarudi sebuleni. Kwenye bawa hilo ni haramu. Sitatumia neno jepesi zaidi. Nguvu ya bawa imo ndani ya nyuzi zinazokwenda bila kukatika toka shina hadi ncha, na rojo la unga na gundi halina nyuzi. Ubavu ulioliwa hutengenezwa upya. Kazi yake ni ndogo na mbao yake haizidi upana wa kidole. Kipande kilicholiwa sehemu moja tu kinaweza kukatwa mpaka kwenye mbao nzima na kuunganishwa kwa mlalo mrefu, kwa kawaida urefu wa mara 12 ya unene wake, kwa kufuata mwongozo wa ukarabati na kwa macho ya mkaguzi. Lakini spari, ule mhimili mkuu unaobeba bawa zima, ukikuta mchwa ameingia humo, ukate vipande. Hata kama umekugharimu mwaka. Uutumie kuotea moto, usiuuze, usimpe mtu, usiuweke pembeni ukisema utauangalia baadaye, kwa sababu siku moja mtu mwingine atauona vanishi inang'aa.

Wazee wa majahazi wanalijua hili kuliko mimi. Chombo kilipandishwa pwani kwa msimu, kikapakwa deheni chini, yaani chokaa na shahamu, na juu kikapakwa sifa, yale mafuta ya papa. Hakuna nahodha aliyesubiri mbao zitobolewe na minyoo ya bahari ndipo apake. Kupaka kulikuwa sehemu ya kumiliki chombo, kulikuwa na wakati wake, na watoto walikulia humo wakishika ndoo. Tabia ile ile ndiyo ninayoitaka kwa vijana hawa.

Sasa nyigu. Mnamwona kila siku, yule mweusi mwenye kiuno chembamba cha manjano, anayetua kwenye tope chini ya mfereji unaodondoka. Hana ugomvi na mtu na haumi ovyo. Jike huchota tope kwa mdomo, donge baada ya donge, akajenga chumba. Kisha huenda kuwinda buibui. Hawaui, huwachoma wakapooza, akawapanga ndani wakiwa hai, akataga yai, akaziba. Niliwahi kupasua kiota kilichojengwa ndani ya eleroni iliyotundikwa karakanani, kile kibawa kilichofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, kinachoilaza ndege ubavu. Buibui walikuwa wamebanana kabisa, miguu imekunjwa kifuani, na mmoja wao bado akitikisa mguu. Chumba kilichofuata kilikuwa na funza mnono amebakiwa na maganda tu.

Mtu atasema, tope kidogo lina madhara gani? Eleroni husawazishwa kwa uangalifu mkubwa mbele na nyuma ya bawaba zake. Tope likikaa nyuma ya bawaba, usawa ule umepotea. Ndege ikifika mwendo fulani eleroni huanza kupigapiga yenyewe, na mtetemo wa namna hiyo unaweza kuvunja bawa kwa muda mfupi kuliko rubani anaohitaji kuelewa kinachotokea. Na kama eleroni ni ya aluminiamu, tope lina kazi ya pili. Hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya bati, na hewa yetu ina chumvi. Bandua kiota cha zamani uangalie chini yake: utakuta unga mweupe na vishimo. Msikibandue kwa bisibisi mkaongeza mkwaruzo. Kilowesheni maji masafi, kilainike, mkitoe kwa kijiti cha mbao au plastiki, kisha msafishe na kukausha mahali pale.

Lakini nyigu mbaya kuliko wote ni yule anayeingia kwenye mrija. Kila ndege ina mrija wa pito, bomba jembamba linalotazama mbele. Upepo unaingia humo, na kutokana na msukumo wake kipimo kinamwambia rubani anakwenda kasi gani. Kwa nyigu, hilo ni tundu lenye ukubwa anaoupenda.

Tarehe 6 Februari 1996 ndege aina ya Boeing 757 iliruka usiku kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikielekea Ujerumani. Ilikuwa imeegeshwa siku nyingi, na mirija yake ilikuwa imeachwa bila vifuniko kwa muda kabla ya safari hiyo. Kipimo cha kasi cha rubani mkuu hakikufanya kazi sawasawa tangu ikiwa kwenye njia ya kurukia. Baadaye kikaonyesha kasi kubwa isiyokuwepo, na mtambo wa kujiendesha uliokuwa ukikitegemea kipimo hicho hicho ukainua pua ya ndege kuipunguza. Ndege ikakosa mwendo wa kuishikilia hewani, ikaanguka baharini. Watu 189 walikufa, hakuna aliyepona. Mirija yenyewe haikuopolewa, lakini wachunguzi waliona kwamba kilichoelekea zaidi kuwa chanzo ni kuziba kwa mrija kwa udongo au masalia ya wadudu, na aliyetajwa ni nyigu wa udongo.

Msiseme hayo ni ya ndege zinazolala siku nyingi tu. Novemba 2013 huko Brisbane, Australia, ndege aina ya Airbus A330 ilisimama uwanjani kama saa mbili hivi kati ya safari na safari. Ilipojaribu kuondoka vipimo vya kasi vikagombana, na ikalazimika kurudi. Mrija mmoja ulikutwa umezibwa na kiota karibu wote. Saa mbili! Sasa fikirini mrija uliolala kwenye rafu ya Likoni tangu kaskazi mpaka kusi.

Brisbane kuna funzo lingine ambalo ninalipenda kwa sababu linatukataza kiburi. Kwa ajili ya nyigu hao hao, mafundi pale walizoea kuvika mirija vifuniko. Julai 2018 ndege nyingine aina ya A330 ikaruka usiku vifuniko vikiwa bado vimevikwa kwenye mirija yote mitatu. Ilirudi ikatua salama, shukrani kwa Mungu na kwa marubani wake. Kwa hiyo, kila kizibo mtakachokitia, kiwe na utepe mwekundu mrefu unaoning'inia, unaoonekana kutoka mlangoni. Na vizibo vyote viandikwe kwenye daftari, idadi yake na mahali pake, ili siku ya kuunganisha ndege mhesabu vilivyotoka. Kizibo cha kitambaa kilichosahauliwa ndani ya bomba la mafuta kitaizima injini vile vile kama kiota.

Na mabomba ya mafuta nayo yaangaliwe. Tangi lina kipumulio. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kikizibwa, mafuta yanagoma kushuka na injini inazima hewani tangi likiwa na mafuta tele. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita magari yake ya Mazda6 huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakisuka utando kwenye bomba la kipumulio cha tangi. Gari linaweza kusimama kando ya barabara. Nyuki wadogo wanaokata majani nao huingia kwenye bomba lolote lililo wazi na kulijaza vipande vya majani vilivyobanwa. Kila bomba likatwalo lipate kizibo siku ile ile, kabla ya kula chakula cha jioni.

Wapo kati yenu wanaotaka kujenga kwa faibaglasi, kwa mtindo ulioenezwa na Burt Rutan miaka ya 1970 kwa ndege zake za VariEze na Long-EZ: sponji ngumu inakatwa umbo la bawa, kisha inavikwa faibaglasi. Msidhani mmewakimbia wadudu. Sponji si chakula, lakini mchwa na sisimizi huichimba kutafuta makazi, na chini ya ngozi ya faibaglasi hutawaona. Ukishakata sponji usiiache wazi wiki hadi wiki. Ivike, au ifunge vizuri.

Kuhusu dawa nina maneno makali. Nasikia kuna wanaofikiria kutumia vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, eti unaviweka chumbani na sehemu za ndege, unafunga mlango. Tafadhali, msifanye. Gesi inayotoka humo ni fosfini. Huua watu, na nyumba zetu zimebanana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani aliyelaza mtoto. Vile vile hula shaba, na vyombo vya umeme na redio za ndege huharibika kwayo. Dawa za mafuta za kupaka mbao nazo zina hatari yake: mbao ikishanywa mafuta, gundi haishiki. Kwanza gundi, kisha vanishi kila upande, na zaidi kwenye ncha zilizokatwa na ndani ya kila tundu la boliti, maana huko ndiko kumbikumbi anakoingilia.

Kipande kidogo cha mbao kinachotiliwa shaka kinaweza kuokolewa kwa baridi. Makumbusho hufanya hivyo. Kifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, kitie kwenye freza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kitoe na usikifungue mpaka kipate joto la chumba, kisije kikalowa jasho. Baridi itaua waliomo. Haitarudisha mbao iliyokwisha kuliwa, kwa hiyo kidole gumba kina kazi hata baada ya freza.

Kwa wanaoagiza vifaa kutoka nje, sanduku linapofika Kilindini tafuteni muhuri wa suke la ngano ubavuni mwake. Muhuri huo wenye herufi HT maana yake mbao ya sanduku ilipashwa joto mpaka nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15. Ni jambo jema, lakini huua waliokuwamo siku ile tu. Haizuii watakaoingia kesho. Sanduku zuri lenye muhuri, likikaa kwenye ardhi ya Changamwe masika moja, ni ngazi ya mchwa kupandia. Toeni vifaa, sanduku liende kando.

Chumba chenyewe kiwe na sakafu ya saruji isiyo na nyufa. Vipande vikae juu ya stendi za chuma, miguu ya stendi ndani ya vikombe vya mafuta machafu ya injini, na pasiwe na kitu kinachogusa ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe una mashimo mengi kuliko tunavyodhani. Madirisha yawe na wavu. Jioni za kumbikumbi, taa zizimwe mapema. Msifunge bawa zima kwa nailoni mkidhani mmelilinda, maana unyevu utabaki ndani na ukungu utaanza. Kitambaa cha pamba kinachopumua ni bora. Ramani za ndege na daftari la ujenzi zisikae humo kabisa. Kuna vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi kwenye unyevu, na daftari hilo ndilo ushahidi wako mbele ya mkaguzi kwamba kila kiungo ulikifanya wewe na kwa namna gani.

Najua wengi wenu hamna chumba cha namna hiyo. Mna vyumba vya kupanga Mikindani na Bamburi, mna uvungu wa kitanda, mna dari ya mjomba. Ndiyo maana ombi langu la leo haliko kwa mtu mmoja mmoja. Tukodi chumba kimoja, tukichangiane, tuweke stendi na nyavu, na tugawane zamu za ukaguzi ili kila wiki pawe na mtu mwenye tochi na kioo humo ndani, akiandika alichokiona na kutia sahihi. Mafundi wa majahazi watufundishe kuitambua mbao iliyoliwa kwa kuigonga, kwa sababu masikio yao yamezoea kuliko vipimo vyetu. Nimeshazungumza na wawili kati yao na wamekubali.

Aliye na chumba, au anayemjua mwenye godauni lenye sakafu nzima kutoka Mtwapa mpaka Changamwe, anione hapa mbele kabla ya adhana ya alasiri. Daftari la michango liko mezani, karibu na ule ubavu. Kila atakayejiandikisha aubonyeze kwanza kwa kidole chake.